Kwaresima, Siku ya 3: Mfungo Wako Umeishia Kwenye Sahani ya Nani?

Mnajua mimi ni Mkatoliki niliyeolewa kwenye nyumba ya Walutheri.

Leo ni Ijumaa, 20 Februari 2026, siku ya tatu tangu tupakwe majivu. Nimetoka zamu ya usiku, mtoto wangu mdogo amelala, nina kama nusu saa. Kaa na mimi kidogo. Kama unanyonyesha, nyonyesha huku unasoma.

Somo la kwanza la leo ni Isaya 58, mstari wa 1 hadi wa 9. Ukiwa na Biblia ifungue, ni sura fupi. Watu wanamlalamikia Mungu: tumefunga, tumejitesa, mbona huoni? Jibu analowapa ni gumu kumeza. Anawaambia siku mnayofunga ndiyo hiyo hiyo mnayowabana wanaowafanyia kazi, mnagombana, mnapigana ngumi. Kisha anawaeleza mfungo anaoutaka yeye: kufungua kamba za nira, kumwachia aliyeonewa, kumgawia mwenye njaa chakula chako, na kutomkwepa mtu wa damu yako.

Sisi wa Iramba hatuhitaji kuelezwa nira ni nini. Pita hapa Kiomboi mpaka Misigiri msimu wa kulima uwaone ng'ombe wawili na mti shingoni, plau nyuma. Ukiutoa ule mti jioni, ng'ombe anasimama kwanza kama haamini. Shingo ina alama.

Sasa nataka nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Linanihusu mimi, na halinipendezi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo kingine humu humu wilayani. Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nilienda misa ya asubuhi, nikapakwa majivu, nikaingia kazini nimefunga. Ilipofika saa nane mchana kichwa kilikuwa kinagonga, na ulimi wangu, jamani, ulikuwa kama wembe.

Akaletwa mama mmoja kwa bodaboda, mimba ya miezi saba. Alikuwa ameanguka shambani, wanapalilia alizeti. (Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asijulikane.) Nikamvuta kope la chini, ndani peupe. Kiganja cheupe. Tukampima damu, ikasoma 6.4. Mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu, na chini ya 7 tunaita upungufu mkubwa, hapo maisha ya mama na mtoto yako hatarini.

Na kwenye paji lake la uso kulikuwa na msalaba wa majivu, kama wangu.

Basi nikawaka. Mbele ya wagonjwa wengine, mbele ya mumewe aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. "Wewe mama, nani kakutuma ufunge na mimba ya miezi saba? Unataka kumuua mtoto kwa ajili ya dini? Hamfundishwi kliniki?" Nilisema mengi. Aliniacha nimalize. Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Sista, mimi sijafunga. Hakuna."

Yaani hakuna chakula.

Ninyi mnaokaa mjini labda hamjui, lakini kwetu mvua ni za msimu mmoja. Kwaresima inaangukia kwenye palizi, wakati kihenge kimeshuka na mtama bado haujakomaa. Ni miezi ya kazi nyingi na chakula kidogo. Nyumbani kwao walikuwa wanapika uji asubuhi kwa ajili ya watoto, na ugali na mlenda jioni. Anayepakua ni yeye. Anapakulia baba, anapakulia bibi, anapakulia watoto watatu, kisha anakula kilichobaki kwenye sufuria. Siku nyingine anakwangua tu. Asubuhi anachota maji, anakwenda shamba.

Kwenye mkoba wangu kulikuwa na chupa ya uji wa ulezi na viazi vitamu viwili, vya kufungulia jioni. Nikampa. Msinisifu. Nilimpa kwa aibu, kwa sababu sikujua niangalie wapi. Mimi niliyefunga nilikuwa na uhakika wa kula saa kumi na mbili. Yeye ambaye hakufunga hakuwa na uhakika wowote. Na majivu yetu yalikuwa sawasawa.

Alipelekwa hospitali akaongezewa damu. Shemeji zake wawili walikwenda kuchangia. Niliporudi kumsalimia, nilimkuta mama mkwe wake kakaa pembeni ya kitanda na bakuli la maharage. Mzee wa watu hakunihubiria. Alisema tu, "Huyu hatashika jembe tena mpaka ajifungue. Maji nitachota mimi. Na kuanzia sasa yeye ndiye atapakuliwa kwanza." Yule mama aliinamisha uso, akanyamaza muda mrefu, kama yule ng'ombe wa jioni. Mtoto alizaliwa mzima, mdogo lakini mzima.

Mimi nilikuwa nimefunga. Bibi yule ndiye aliyefungua nira.

Sasa rudi kwenye mstari wa 8 wa somo letu. Kama nesi ndio mstari unaonishika. Baada ya kusema habari za kumgawia mwenye njaa, nabii anasema ndipo mwanga utatokea kama asubuhi, na uponyaji utakuja upesi. Angalia mpangilio: chakula kimetangulia, uponyaji umefuata. Nimeuona mpangilio huo wodini mara nyingi mno. Tunaweza kutoa dawa zote, lakini mama akirudi kwenye sufuria tupu na ndoo ya maji kichwani, tutaonana tena baada ya wiki mbili.

Na Injili ya leo, Mathayo 9:14-15, wanamuuliza Yesu kwa nini wanafunzi wake hawafungi. Anawajibu kwa mfano wa arusi: bwana arusi akiwepo, wageni hawaombolezi. Kumbe hata kwake kuna wakati wa kufunga na wakati wa kutofunga. Mama mwenye kichanga mapajani, wewe uko kwenye wakati wa kulisha.

Kwa hiyo niseme wazi, maana kila mwaka mnaniuliza. Kanisa Katoliki linataka kufunga kwa watu wa miaka 18 hadi 59, na siku za lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha habanwi na sheria hiyo. Hata wenzetu Waislamu, ambao mwaka huu Ramadhani yao imeanza wiki moja na Kwaresima yetu, mjamzito au anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mtoto anaruhusiwa asifunge. Usijione una imani ndogo. Kunywa maji, kula, nyonyesha.

Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki, meza kila siku. Meza kwa maji, usimeze kwa chai, maana chai inazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Ukipata chungwa au embe baada ya kumeza, vizuri zaidi. Dagaa, maharage, majani ya kunde, karanga, vyote vinasaidia. Na damu haipungui kwa njaa peke yake, malaria na minyoo nayo inaimaliza, kwa hiyo chandarua na vipimo usiviruke. Ukisikia kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, unahema ukitembea hatua chache, usisubiri siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

Kwa baba anayesoma hii kwenye simu ya mkewe: mfungo wako wa Kwaresima unaweza kuwa ndoo mbili za maji kabla hujaenda shamba. Mama mkwe, wifi, na ninyi mpo. Angalieni nani anapakua na nani anakula mwisho. Kaa siku moja tu uangalie, bila kusema kitu.

Na kwa sisi tulio na uwezo wa kufunga, nimejiwekea swali moja mpaka Pasaka, tarehe 5 Aprili. Chakula nilichokiacha leo kimekwenda wapi? Kama kimebaki kabatini kwangu nikakila jioni mara mbili, nimeahirisha tu mlo. Kile kikombe cha unga, kile kipande cha sabuni, ile elfu mbili ya soda, iwe na mtu inayemwendea, mtu mwenye jina, ikiwezekana wa mtaa wako, ikiwezekana wa damu yako ambaye umekuwa ukimkwepa. Mimi ninaye mmoja. Nimemkwepa tangu Krismasi. Leo jioni nakwenda.

Na ulimi wangu mniombee. Bado ni wembe zamu zikiwa ndefu.

Tusali. Bwana, tufundishe kupakua. Umkumbuke anayekula mwisho, na utupe macho ya kumwona kabla hajaanguka shambani. Amina.

Kesho siku ya 4, Lawi mtoza ushuru anaacha meza yake na kumfuata Yesu. Tutaongea habari za madeni. Niandikie hapo chini: kwenu nani anakula mwisho?