Njia ya mkato haikumjua Mama

Ukiwa na ndugu Marekani usidhani kila mlango huko utafunguka. Mimi nilidhani hivyo. Agosti 2025 nilikuwa Houston, Texas, na Mama, tumekwenda kumtembelea kaka yangu. Wiki ya pili tukapanga safari ya pamoja kwenda Minneapolis kwa dada: kaka, shemeji, watoto wao wawili, Mama na mimi.

Usiku wa kuamkia safari kaka akatuhubiria. "Hakuna kuamka alfajiri. Mimi na mke wangu tuna PreCheck!"

Basi akatueleza, kifua mbele. Ni mpango wa TSA, idara inayokagua abiria viwanjani, ulioanza 2011. Unajaza fomu, unachukuliwa alama za vidole, wanachunguza rekodi yako, unalipa ada isiyofika dola 90, kisha kwa miaka 5 unapita njia ya mkato. Kompyuta inabaki ndani ya begi, mkanda kiunoni, koti jepesi mwilini.

"Na watoto je?" nikauliza.

"Wanakuja na sisi."

Kweli bwana. Mtoto wa miaka 12 kushuka chini anapita na mzazi mwenye PreCheck bila kulipiwa. Wa miaka 13 hadi 17 naye anapita, mradi tiketi yake imekatwa pamoja na ya mzazi na alama ya PreCheck imetokea kwenye bodingi pasi zao wote. Aliyesahaulika kwenye hesabu ni Mama.

Uwanjani kaka akashika kushoto, shemeji na watoto nyuma yake. Mama naye akafuata na kibegi chake. Mhudumu akaitazama bodingi pasi yake, akatikisa kichwa kwa adabu, akamwonyesha foleni nyingine. Sisi wenye pasipoti ya Tanzania na viza ya matembezi hatuwezi kuomba PreCheck, na mtu mzima hapiti kwa mgongo wa mwanawe, hata kama alimzaa yeye.

"Mama, tutakutana huko ndani!" kaka akapaza sauti. Kufumba na kufumbua, hayupo.

Foleni yetu ilijikunja kama chatu. Mama kimya. Si mtu wa kulalamika, lakini nilimwona akinyoosha shingo kutafuta shati la kaka kule mbele. Alikaa miaka 9 bila kumwona. Sasa kampotea tena, hatua chache tu kutoka alipo.

Viatu hatukuvua, maana sharti hilo liliondolewa kwa abiria wote Julai 2025. Kasheshe ikaanzia kwenye kibegi. Mashine ikakitenga pembeni. Ndani mlikuwa na chupa kubwa ya achari ya ndimu, Mama kaitengeneza jikoni kwa kaka ili ampelekee dada. Kumbe kitu cha majimaji kinachozidi mililita 100 hakiingii na begi la mkononi, achari ikiwemo. Hapo hata kaka asingefua dafu: wenye PreCheck sheria hiyo inawabana vilevile, ila wao hawatoi vichupa vyao nje ya begi.

"Anasemaje?" Mama akaniuliza.

"Itupwe, au turudi tukaiandikishe na mizigo."

Muda haukuruhusu. Mama akaifuta mfuniko kwa ncha ya kanga, akaiweka mezani taratibu, akaondoka bila kugeuka.

Tulimkuta kaka kakaa, anaangalia saa. "Mmekwama wapi?"

"Tulikuwa tunakuja, baba," Mama akajibu.

Kaka akampokea kibegi, akakipima kwa mkono. "Achari iko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Hadi tunapanda ndege hakusema neno.

Siku ya kurudi shemeji alipita na watoto njia ya mkato. Kaka akaja kwenye foleni yetu, akavua mkanda kama wengine, akasimama nyuma ya Mama. Walipiga soga mpaka mwisho, na Mama alicheka hadi watu wakageuka.

Kwa hiyo, msomaji, ndugu yako akikuambia ana njia ya haraka, muulize ni ya wangapi. Achari weka kwenye begi kubwa. Na kama kuna mzee, familia iende mwendo wake. Ndege haiondoki mapema eti kwa sababu wewe umewahi kukaa kwenye benchi.