Fungate Baada ya Miaka Saba: Tulivyoipanga Barbados

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa Jumamosi, Jumatano tukawa kazini. Fungate tukasema tutaifanya mambo yakikaa sawa. Miaka saba ikapita. Kila likizo ikawa na mwenyewe: mara msiba kijijini, mara sendofu ya binti wa shangazi, na kilichobaki kikaenda kwenye kiwanja. Siku moja nikashtuka kwamba wiki nzima tumezungumza matofali, ada na nani anampitia mtoto shule. Basi. Tulikuwa wabia wazuri sana wa mradi, ila wapenzi nilikuwa siwaoni.

Ndipo nikaanzisha hoja ya Barbados. Na nikaiharibu mwenyewe kwa kupanga peke yangu, eti iwe sapraizi. Wakala mmoja aliniuzia tiketi za bei poa kupitia London: unashuka Heathrow, ndege ya pili inaondokea Gatwick. Hakuna aliyeniambia kwamba kuhama uwanja maana yake unaingia Uingereza kabisa, na viza ya kupita inatakiwa. Zikiwa zimebaki siku kumi, safari ikafa na hela haikurudi. Mume wangu alisema sentensi moja tu: "Ungeniuliza, tungemalizia lenta." Usiku ule kila mtu alilala akitazama ukuta wake.

Baada ya miezi kadhaa ni yeye aliyeleta daftari mezani. "Tupange tena, lakini mara hii tupange wote." Kila mmoja akaandika mambo matatu anayoyataka na moja asiloweza kulivumilia. Yeye: bahari tulivu, bei inayojulikana mapema, chakula anachokielewa (alikuwa tayari kubeba unga wa sembe kwenye begi!). Hataki kuvaa koti ili apewe chakula cha jioni. Mimi: kulala hadi saa nne asubuhi, muziki, usiku mmoja wa kifahari. Sitaki kupika kila siku. Lile daftari ndilo lililochagua kila kitu.

Mwende lini?

Bei hupanda kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili, Wazungu wanapokimbia baridi. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Sisi tulichagua Mei, bei zimeshuka na mvua bado. Mkipenda kujirusha, sherehe za Crop Over hufikia kilele Jumatatu ya kwanza ya Agosti, ila wekeni nafasi mapema.

Watanzania na Wakenya hatuhitaji viza ya kuingia Barbados kwa matembezi. Kazi iko njiani: ulizeni ubalozi wa kila nchi mtakayopita kabla hamjalipa hata senti. Bebeni kadi ya homa ya manjano, na nguo zenye mabaka ya kijeshi ziacheni nyumbani, kule ni marufuku kwa raia.

Mlale wapi?

Kisiwa ni kidogo, urefu wa kilomita 34 hivi na upana 23, lakini pwani zake hazifanani. Magharibi, kuanzia Holetown kwenda Speightstown, bahari imetulia kama maji ya beseni, na hoteli ni za wenye nazo. Kusini, maeneo ya Worthing, Rockley na St. Lawrence Gap, kuna vyumba vyenye jiko, muziki na usafiri wa karibu. Mashariki, Bathsheba, ni mawimbi ya Atlantiki: nendeni mkapige picha, msiogelee.

Tulilala kusini usiku sita, kisha mmoja tu magharibi, ule wangu wa kifahari. Na hapa kuna siri ya kuokoa hela: fukwe zote za Barbados ni za umma. Mnaweza kulala kwa bei ya kawaida na bado mkaogelea mbele ya hoteli ya mabilionea.

Kutembea, sahauni teksi. Kuna vipanya vyeupe vyenye mstari mwekundu wa damu ya mzee, wenyewe wanaviita ZR, na muziki wake utadhani uko kwenye daladala ya Mbagala. Nauli ni dola 3.50 za huko. Dola mbili za Barbados ni sawa na moja ya Marekani, kwa hiyo kila mkiona bei, ulizeni kwanza ni dola ipi.

Mle nini?

Wenyeji wengi ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kwa nguvu kwenye mashamba ya miwa, na hilo unalikuta kwenye sahani. Chakula cha taifa ni cou-cou: unga wa mahindi unaosongwa kwa mwiko pamoja na bamia, unaliwa na mchuzi wa samaki warukao. Mume wangu alionja, akanyamaza, akaonja tena. "Huu ni ugali," akasema, "ila umeolewa mbali." Unga wa sembe ungekuwa mzigo wa bure.

Jumamosi kuna pudding and souse, viazi vitamu na nyama ya nguruwe, kwa hiyo msiokula ulizeni kwanza. Menyu ikiandika dolphin, msishtuke, si pomboo, ni samaki fulusi.

Usiku wa Ijumaa msikose Oistins, soko la samaki kusini mwa kisiwa. Jodari na fulusi wanachomwa mbele yenu, mnakaa kwenye mabenchi na watu msiowajua, na hakuna anayemdai mtu koti. Pembeni kulikuwa na wazee wanacheza muziki wa zamani, wawili wawili, taratibu. Tuliwatazama muda mrefu. Mume wangu, ambaye hata siku ya harusi yetu alicheza kwa kusukumwa na shangazi zake, akafuta mikono kwa tishu na kuninyooshea mmoja.

Lenta bado haijamalizika. Tunaizungumzia Jumapili tu, siku nyingine marufuku.

Safari njema, wapendanao, na daftari mlinunue kabla ya tiketi.