Unamkimbia Nani?

Mama,

Majuzi kwenye simu uliniuliza, "Mwanangu, mtu mzima wewe, unamkimbia nani?" Nikacheka, nikahamia kwenye habari za wajukuu. Swali lako limelala nami siku nne. Leo nimetoka zamu ya usiku nikaona nisipande kitandani kabla sijakujibu.

Mbio zenyewe zinaitwa Great North Run, kilomita 21 na ushee. Zinaanzia hapa Newcastle, zinavuka mto Tyne kwa lile daraja la chuma ulilosema kwenye picha linafanana na upinde, zinapita Gateshead na kando ya Jarrow, na zinaishia South Shields, baharini kabisa. Kila Septemba watu wapatao 60,000 hujitokeza. Aliyezianzisha mwaka 1981 ni mwanariadha wa huku, Brendan Foster, baada ya kuonja mbio za umma za namna hiyo kule Auckland, New Zealand. Jirani zetu Wakenya wamezishinda mara nyingi. Marehemu Benson Masya peke yake alizichukua mara nne.

Jumanne jioni nafanya mazoezi na klabu ya mtaani. Yupo mzee mmoja, wa umri ambao baba angekuwa nao leo. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu wapi. Nilipotaja Tanzania akasimama katikati ya njia: "Filbert Bayi!" Akaanza kunihadithia Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1974, Christchurch, fainali ya mita 1500. Jinsi Bayi alivyochomoka mbele tangu mwanzo na asimpishe mtu hadi utepe, dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Na Foster huyuhuyu wa mbio zetu alikuwamo, akamaliza wa saba. Mama, nimesafiri kutoka Tanga hadi Newcastle kuja kusimuliwa sifa za Bayi, na nilirudi nyumbani siku ile nimejaa kifua.

Usidhani nilianza kwa kukimbia. Baada ya Idi nilitembea dakika tano, nikakimbia moja, nikatembea tena. Hata sasa mazoezi mengi ni ya mwendo wa polepole. Mwalimu wetu anasema kipimo ni kuweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mimi kipimo changu ni wewe. Nakusimulia siku yangu kwa sauti, kwa Kiswahili, nikiwa njiani: nani kalazwa wodini, mtoto kakataa kula nini. Nikikwama nusu ya sentensi, najua nimezidisha mwendo, napunguza. Watu wa Gateshead wameshanizoea.

Jumapili ndiyo siku ya mbio ndefu. Nakunywa uji saa moja na nusu kabla, na mfukoni natia tende nne nilizozitoa kokwa. Wenzangu hufyonza vipakiti vya sukari nzito kama gundi; nilivijaribu, tumbo likakataa. Tende moja kila baada ya dakika arobaini inanifaa. Jumapili iliyopita nilifika kilomita 18, nikapanda barabara ya John Reid. Mlima wake si mkali, ila hauishi. Unadhani umefika juu, kumbe barabara imepinda tu. Pale nilitembea kidogo, kisha nikaendelea.

Nikirudi nakaa ukingoni mwa bafu, naiosha miguu, naikausha, naikagua kidole kwa kidole. Katikati ya vidole. Unyayoni kwa kioo kidogo. Kucha ya kidole gumba cha kushoto imeingia weusi, nimeipunguza na kuibandika plasta. Wenzangu hawakagui miguu hivi. Mimi lazima, na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako.

Baba hakuusikia ule msumari wa kiatu. Unakumbuka? Ulimtoboa asubuhi, akauona usiku kwa sababu ya damu kwenye soksi. Sukari ilikuwa imeshamfisha ganzi miguu. Kidonda kidogo kama punje ya mtama, kisha wakakata kidole, kisha mguu, kisha tukamzika.

Novemba iliyopita nilipimwa damu. Daktari akaniambia sukari yangu imepanda. Haijawa ugonjwa, lakini iko mpakani. Sikukuambia. Nisamehe, mama. Niliogopa sauti yako. Daktari alinieleza kwamba msuli ukifanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu, hata kwa kutembea tu, akaniacha nichague mwenyewe. Juni nilipima tena, imeshuka. Basi ninayemkimbia ni yule aliyemchukua baba.

Wiki mbili hizi za mwisho tumeambiwa tupunguze, mwili upumzike. Kwangu hili ni gumu kuliko John Reid, miguu inawasha kutaka kutoka. Namba ya kifuani imeshafika kwa posta. Nyuma yake kuna sehemu ya kuandika ugonjwa ulio nao na mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo. Nimeandika kila kitu, kwa wino wa kalamu nzito.

Mwishoni kabisa barabara inateremka ghafla, na bahari iko mbele yako. Inabaki kama kilomita moja na nusu ya kuiambaa. Ni baridi, mama, si maji ya kwetu Raskazone. Kwa hesabu yangu nitafika pale, huko kwenu ikikaribia saa kumi alasiri. Nitakupigia nikiwa bado nahema.

Lakini kabla ya siku hiyo nina ombi. Jumatatu usinywe chai. Mwambie dada akupeleke hospitali ya Bombo asubuhi mapema, wakupime sukari, na wakuangalie miguu yote miwili. Majibu usimwachie dada anitumie. Nipigie wewe, uniambie kwa mdomo wako.

Mwanao,
Newcastle