Jeshi la Shaba na Plastiki

Jeshi letu lilikuwa na askari 64: 38 wa plastiki na 26 wa shaba. Nilikuwa na miaka 11, tukiishi Fungurume, na aliyelibuni jeshi hilo ni yaya wangu, aliyenizidi miaka mitano. Kwetu Katanga yaya ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike, wala si mlezi wa watoto kama huko Nairobi na Dar es Salaam.

Wa plastiki tuliwanunua sokoni katika mfuko mmoja, wote kijani, wenye kofia za vita na bunduki za siku hizi. Wa shaba tuliwakunja wenyewe. Jirani yetu alikuwa fundi wa mota zilizoungua, na vipande vya waya visivyomfaa alimpa yaya. Yaya aliuchoma waya kwenye mbabula mpaka ukalainika, kisha akaukunja: miguu, kifua, mikono, na mwisho mkuki.

Alitaka liwe jeshi la Mwami Msiri. Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wake, uko mashariki ya Fungurume, katika teritori hiyohiyo ya Lubudi. Msiri alitoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19, akajenga dola kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1891 Wasanga walimwasi, na tarehe 20 Desemba mwaka huo aliuawa kwa risasi na Bodson, ofisa wa msafara wa Stairs uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold II. Babu yetu alikuwa Myeke na bibi yetu Msanga, hivyo vita vile vilikuwa pia maneno ya nyumbani.

Kuwachanganya askari hawa hakukuwa rahisi. Plastiki ile laini haishiki rangi. Ukimkunja askari kidogo tu, rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Kofia za vita ilibidi zikatwe kwa wembe. Zaidi ya yote kulikuwa na uzito. Ukiwatia wote katika beseni la maji, wa plastiki wanaelea na wa shaba wanazama. Upepo ukivuma uani, nusu ya jeshi inalala chini na nusu inabaki imesimama.

Yaya alitafuta vifuniko 64 vya soda, akavijaza udongo wa kichuguu, na kila askari akasimikwa katika kifuniko chake. Wa shaba waliokuwa wafupi aliwaongezea udongo mpaka macho yao yakalingana na ya wenzao. Wote akawapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta. Rangi iliendelea kubanduka, lakini hakujali. Aliniambia, “Bakisimama sawasawa, batakuwa jeshi moya.”

Mtoto wa jirani alitucheka: jeshi la zamani linapataje bunduki? Yaya alimjibu kwamba Msiri alikuwa na watu wa mikuki na watu wa bunduki, na kwamba bunduki na baruti zililetwa na wafanyabiashara kutoka upande wa Benguela, Angola, na wengine kutoka pwani ya mashariki. Baadaye, chuoni, nilisoma kwamba hata msafara wa Stairs ulibebwa na wapagazi na askari wengi kutoka Zanzibar na pwani, na ulianza safari yake ya bara Bagamoyo. Kiswahili kilikuwa pande zote mbili za bunduki. Kila ninapoambiwa darasani kwamba Kiswahili chetu cha Katanga ni mchanganyiko, huvikumbuka vile vifuniko vya soda.

Msimu wa mvua uliofuata, mkataba wa kazi wa baba uliisha. Siku moja nilirudi shuleni nikakuta askari 38 wamesimama uani. Pembeni palikuwa na vifuniko 26 vitupu, kila kimoja na tundu katikati ya udongo. Jioni kulikuwa na bukari na samaki wakavu, chakula ambacho kwa siku kadhaa hatukukiona. Nilielewa kabla ya kuambiwa. Nilimwita yaya mwizi, mbele ya baba.

Baba hakunikemea. Aliacha kula, akanawa mikono, akatoka nje. Mpaka leo sijasahau alivyonawa taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu aliyeshiba.

Bibi ndiye aliyesema. Alisema Wasanga wanaitwa wala shaba tangu zamani, kwa sababu babu zao waliyeyusha shaba wakati wa kiangazi, wakaiuza, wakaishi kwayo. Hakuna aliyewaita wezi. Kisha akanisogezea sahani. “Kula,” akasema. Nikala.

Wa plastiki hakuna aliyewataka. Hawakuwa na bei kwa kilo, kwa hiyo waliendelea kusimama uani mpaka mvua ikalainisha udongo wao, wakaelea mmoja mmoja kwenye mfereji. Sikuwafuata. Jeshi lilikuwa limekwisha siku ile, na yaya hakukunja askari mwingine.

Mwaka jana nilimwomba radhi. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na yeye sikuwahi kumwomba. Yaya alicheka, akasema hakumbuki kuitwa mwizi. Nikamuuliza kama anawakumbuka wale 26. Alinyamaza kidogo. Idadi alikuwa ameisahau. Alichokumbuka ni mzani wa mnunuzi: pamoja na waya uliobaki, kilo mbili kasoro kidogo, na unga uliopatikana ulitufikisha Jumapili.