Kapkatet, walikomwekea nyoka maziwa

UKITAKA kumwona mtu mzima akiruka kama mtoto, mwambie kuna nyoka miguuni pake. Hayo yalinipata asubuhi moja huko Kapkatet, mbele ya wachuma chai wapatao kumi, na nina hakika wangali wananicheka.

Kapkatet ni mji mdogo katika Kaunti ya Kericho, kando ya barabara itokayo Kericho kupitia Litein kuelekea Kaplong na Sotik. Msafiri wa kutoka Nairobi hupanda matatu kupitia Nakuru hadi Kericho, kisha akabadilisha gari. Kuanzia hapo macho hayana kazi ila kutazama chai. Mengi ya mashamba haya si kama yale makubwa ya kampuni yaliyo karibu na mji wa Kericho. Ni ya wakulima wadogo, ekari moja hapa, mbili pale, na katikati utaona ng'ombe wa maziwa, mahindi na mikaratusi. Asubuhi kuna ukungu, mchana jua, na alasiri mvua haikosi kubisha hodi.

Nilikuwa nimemtembelea rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu wa Bayolojia. Nilijitia ujasiri nikaomba kikapu ili nami nichume. Sikuwa nimejaza hata konzi tano wakati kitu chembamba cha kijani kilipoteleza juu ya majani, karibu na mkono wangu. Nilipiga yowe. Kijana mmoja alifika na fimbo, na kabla sijavuta pumzi ya pili, nyoka alikuwa amekufa.

Mwalimu aliinama akamgeuza kwa kijiti. Hakumgusa kwa mkono, maana kichwa cha nyoka aliyekwisha kufa bado kinaweza kuuma. Alitazama macho, kichwa na magamba, kisha akatikisa kichwa. "Huyu hana sumu," akasema. "Anakula vyura. Amekufa kwa sababu ya rangi yake."

Maneno hayo yalinikaa moyoni siku nzima.

Bakuli la maziwa

Jioni tuliketi jikoni kwa nyanya yake Mwalimu, ambaye kila mtu pale humwita Kogo. Tuliletewa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye rangi ya majivu kwa sababu ya mkaa wa mti wa senetwet. Nilipomsimulia kisa changu, Kogo alicheka hadi akafuta machozi.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "zamani nyoka akiingia nyumbani na kupanda kitanda cha mwanamke, hakuuawa. Alimwagiwa maziwa chini anywe, kisha akaachwa aende zake."

Nilidhani ni hadithi ya kumtuliza mgeni mwoga, kumbe sivyo. Mwingereza A. C. Hollis aliiandika desturi hiyo miongoni mwa Wanandi, ndugu za Wakipsigis, katika kitabu chake cha mwaka 1909. Nyoka huyo alichukuliwa kuwa roho ya jamaa aliyefariki, amekuja kumjulisha mama kwamba mtoto wake ajaye atazaliwa salama. Hakuna aliyeuliza ni wa rangi gani. Lililotazamwa ni mahali alipoingia.

Ndipo Mwalimu akatoa simu yake na kunionyesha picha ya nyoka mwenye pete nyekundu, nyeusi na njano, mwenye kung'aa kama ushanga. "Huyu naye huitwa nyoka wa maziwa," akasema. "Lakini ni wa Amerika."

Jina hilo lilitokana na wakulima wa huko waliomkuta zizini wakadhani huwanyonya ng'ombe usiku. Ni uzushi. Kinywa cha nyoka hakiwezi kunyonya, na ng'ombe gani angevumilia meno yale? Nyoka huyo hufuata panya. Hana sumu, humkaza panya kwa mwili hadi afe. Zile pete zake zinafanana na za nyoka mwingine wa Amerika mwenye sumu kali, aitwaye nyoka wa marijani. Adui akiziona, hujiepusha. Kwa maneno mengine, nyoka wa maziwa amevaa koti la askari ilhali hana bunduki.

Rangi za kutengenezwa

Ajabu zaidi ni kwamba huko Marekani na Ulaya watu humfuga nyoka huyu nyumbani na kumzalisha ili wapate rangi mpya. Wapo wasio na weusi hata chembe, wakabaki wekundu na weupe. Wapo wasio na wekundu, wakabaki kama picha za zamani. Wapo pia waliokosa vyote viwili, na hao huitwa theluji.

Wanafunzi wa sekondari watalielewa jambo hili. Kila kinda hupokea jeni moja ya rangi kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Ili weusi utoweke, sharti zote mbili ziwe na kasoro ile ile. Ukimpandisha dume asiye na weusi kwa jike wa kawaida asiye na kasoro hiyo, makinda yote yatakuwa ya rangi ya kawaida, ila kila mmoja ameficha jeni hiyo. Wawili wa namna hiyo wakikutana, kwa wastani kinda mmoja kati ya wanne ndiye atakayezaliwa bila weusi. Kumpata wa theluji ni kazi zaidi. Wazazi wote wawili wakiwa wameficha kasoro zote mbili, ni kinda mmoja kati ya 16. Na kwa kuwa nyoka hawa huchukua miaka miwili au mitatu kukomaa, mfugaji hungoja muda mrefu.

Hatari yake ni ile anayoijua kila mfugaji wa ng'ombe Kapkatet. Ukipandisha ndugu kwa ndugu kwa kutafuta rangi tu, utavuna udhaifu. Mfugaji mwangalifu huleta damu ya nje.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alinipitisha kwenye shamba la jirani, nikaona mistari ya chai yenye majani ya zambarau. Hiyo nayo ni rangi iliyochaguliwa na binadamu. Ni aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho. Rangi hiyo hutokana na anthosayanini, kemikali za jamii ile ile inayotia zabibu nyeusi rangi yake. Lakini chai hupandwa kwa vipandikizi, na kila mche hufanana na mama yake. Nyoka hapandwi kwa kijiti, ndiyo maana kila yai ni bahati nasibu.

Msidanganyike na rangi

Basi rangi ni vazi tu, nasi tunaihukumu roho kwa vazi. Yupo nyoka wa mitini aitwaye bumslangi, anayepatikana sehemu nyingi za Kenya. Dume mara nyingi ni kijani, jike ni kahawia, na sumu yake huzuia damu kuganda. Mtu anayeogopa kijani pekee atamkaribia jike bila hofu.

Hata mabingwa hukosea. Mnamo Septemba 1957, Karl Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa nyoka mjini Chicago, aliumwa kidole na bumslangi mchanga aliyeletwa kwake atambuliwe. Hakwenda hospitalini. Aliandika dalili zake daftarini, na siku iliyofuata akafariki.

Kwa hivyo wazazi, msiwafundishe watoto kutambua nyoka kwa rangi. Wafundisheni kurudi nyuma. Aliyeumwa atulizwe, asichanjwe wala asinyonywe jeraha, na akimbizwe hospitalini. Na kijana anayetamani kufuga nyoka ajue kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Akitaka kuwatazama, Bustani ya Nyoka iko kwenye Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi.

Jioni yangu ya mwisho, nyoka wa kahawia alijitokeza kando ya ghala la mahindi. Yule kijana wa fimbo akaanza kunyanyuka. "Mwache," akasema Kogo bila kupaza sauti, "hakuja kwako." Sote tukarudi nyuma. Nyoka akapita chini ya mbao, walikojificha panya, akatoweka.

Mara hii sikuruka. Nilirudi nyuma hatua tano, labda sita, nikasimama nikimtazama akienda zake. Kogo aliniona, akanijazia kikombe cha mursik.