Alama ya Mshale

Asubuhi moja ya mwaka 1957, katika mji mmoja mdogo wa Jimbo la Pwani, karani wa mahakama aliletewa mzigo uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwamo upinde mmoja, podo moja la ngozi, na mishale 11. Kazi yake haikuwa ngumu: kuvihesabu vitu hivyo, kuvitia nambari, na kuviandika kitabuni kabla ya kesi kuanza. Alipofika mshale wa nne, kalamu ikasimama. Juu ya wano, karibu na manyoya, palikuwa pamechongwa mikato mitatu midogo iliyosimama na mmoja ulioinama. Akatazama mingine yote, akaona ni vile vile.

Karani huyo alikuwa Mgiriama wa miaka thelathini na miwili, aliyesomeshwa na misheni hata akamaliza darasa za juu, jambo ambalo siku zile halikuwa la kila mtu. Alivaa suruali iliyonyoshwa, na kwa mwandiko wake mzuri alikuwa akisifiwa. Hapana mtu katika afisi ile aliyejua kwamba alama ile ameifahamu tangu utoto wake, tena kwamba ameiona ikichongwa.

Yafaa msomaji aelezwe kwanza habari za wenye mishale hiyo. Ni watu wanaojiita Waata. Waswahili wamewaita Wasanye, na katika vitabu vya Wazungu wameandikwa Waliangulu. Ni wachache, na lugha yao ni ndugu ya Kioromo. Tangu zamani waliishi katika nyika iliyo nyuma ya pwani, kando ya Mto Galana, Dakadima, na pori lote la Tsavo, bila ng'ombe na bila mashamba makubwa, wakitegemea asali na nyama. Lakini juu ya wawindaji wote wa nchi hii wao walisifiwa kwa jambo moja, nalo ni kumwua ndovu kwa mshale mmoja.

Upinde wao haukuwa mchezo. Upinde wa Wakamba, ambao nao ni mafundi wakubwa wa mishale, ulikuwa mfupi na mwepesi kuvuta. Ule wa Waata ulikuwa mrefu, na mzito hata kuuvuta kulitaka nguvu ya ratili mia moja na zaidi. Wazungu waliojaribu kuuvuta waliona haya, wakaulinganisha na pinde za kale za Kiingereza zilizopigana Agincourt mwaka 1415. Mtu hawezi kuamka siku moja akauvuta upinde wa namna ile. Mtoto huanza na kijipinde chake, akapewa kikubwa zaidi kila akiongezeka kimo, hata mgongo na mabega yakazoea.

Na mshale nao, aliyeuona kwa mbali atadhani ni kijiti chenye chuma. Sivyo. Mshale wa ndovu ulikuwa na sehemu tatu. Nyuma kuna wano, lililonyoshwa kwa moto na kwa jicho, lenye manyoya ya tai yaliyofungwa kwa kano. Mbele kuna kigumba, kidogo na chembamba, aghalabu kilichofuliwa kutokana na msumari mkubwa, kwa kuwa kigumba kipana huzuiwa na ngozi ya ndovu. Katikati ya hivyo viwili ndipo penye siri: kijiti kingine kilichochomekwa katika tundu la wano bila kukazwa sana. Hicho ndicho kinachopakwa sumu. Mshale ukiingia, wano hulegea likaanguka chini, na kijiti chenye sumu hubaki ndani ya nyama. Mnyama akijisugua mtini hawezi kukitoa.

Sumu ile ikikauka au ikipigwa na jua hupungua nguvu. Kwa hiyo, baada ya kuipaka, mwindaji hukizungushia kijiti utepe wa ngozi laini, akaufunga vizuri kama mama afungavyo mtoto, wala haufungui mpaka amemwona mnyama. Mtu angeweza kupima utu uzima wa mwindaji kwa utepe wake. Mvivu aliuacha ukakakamaa, na mshale wake ukamfanya ndovu akimbie siku mbili na kufa mahali ambapo fisi tu walijua.

Sasa sumu yenyewe. Waata walipiga mishale, lakini sehemu kubwa ya sumu waliinunua kwa Wagiriama. Hutoka katika mti uitwao mutsungu kwa Kigiriama, na msungu kwa Kiswahili. Wakamba huipika pia. Vipande vya mti na mizizi hukatwakatwa, vikachemshwa kwa maji saa nyingi, maji yakachujwa, yakachemshwa tena na tena hata yakawa mazito, meusi, yenye kunata kama lami. Wapikaji wengine walitia ndani vitu vya kutisha ili wateja waogope na bei ipande, lakini nguvu yote ni ya mti. Mwaka 1888 mtaalamu wa Kifaransa aitwaye Arnaud alitoa katika mti wa jamii hiyo dawa iliyoitwa uabaini, na madaktari wa Ulaya wakaitumia kwa kiasi kidogo sana kuusaidia moyo ulio dhaifu. Ikiwa nyingi huusimamisha moyo. Mwindaji hakujua jina hilo, bali alijua kwamba nyama iliyozunguka jeraha hukatwa na kutupwa, na nyingine yote huliwa bila madhara.

Basi baba yake karani alikuwa mpikaji wa sumu. Alipika mbali na nyumba, katika kichaka, wala watoto hawakuruhusiwa kufika huko. Mteja wake mkubwa alikuwa Mwata mmoja mrefu, mwenye maneno machache, aliyekuja kila kiangazi na nyama kavu na asali, mara nyingine na shilingi, akaondoka na vifurushi vilivyofungwa majani. Wale wawili walikuwa marafiki kabisa. Mtoto alifundishwa kumwita baba mdogo.

Mwaka 1937, mtoto akiwa na miaka kumi na miwili, yule baba mdogo alimwomba rafiki yake ampe kijana huyo siku chache nyikani. Mama yake alikataa. Baba akasema mpikaji asiyejua chakula chake kinaliwaje ni mpikaji nusu, na kijana akaenda.

Walitembea siku mbili. Usiku wa kwanza, kando ya moto, mzee yule alichonga alama yake juu ya mawano mapya, mikato mitatu na mmoja ulioinama, naye kijana akauliza maana yake. Akajibiwa kwamba haina maana nyingine ila jina lake. Watu wawili wakimpiga mnyama mmoja, mshale ndio utakaosema nyama ni ya nani. Ndovu akifa mbali, na wageni wakamkuta, watajua ni mali ya nani, nao hawatachukua pembe. "Mtu aweza kusema uongo," alisema mzee, "lakini mshale wangu hauwezi kunikana, na mimi siwezi kuukana."

Siku ya tatu wakaona nyayo mbichi. Kuanzia hapo mzee hakusema neno hata moja. Alikuwa na kifuko kidogo cha majivu, akakitikisa kila baada ya hatua kadhaa, akitazama vumbi linakokwenda. Upepo ulipogeuka alikaa chini, na kijana akakaa, na jua likawapiga mpaka upepo ukarudi. Ndovu alikuwa dume, peke yake, chini ya mbuyu. Kijana aliamriwa kwa kidole abaki nyuma ya kichuguu. Mzee akavua nguo iliyokuwa ikikwaruza miibani, akafungua utepe wa mshale mmoja, akasogea.

Alisogea hata kijana akaona haya kwa kuogopa kwake mwenyewe, kwa maana kati ya mtu na mnyama hazikubaki hatua ishirini. Upinde ukavutwa na kuachiwa mara moja, bila kupima sana. Mshale ukaingia tumboni, nyuma ya mbavu, mahali ambapo ngozi ni nyembamba na damu ni nyingi. Kilichomshangaza kijana ni kimya. Ndovu alishtuka kama aliyeumwa na nzi, akaondoka kwa mwendo wa haraka, miti ikavunjika, kisha mlio ukaisha. Wano lilikuwa limelala chini. Mzee akaliokota, akalifuta, akalirudisha katika podo, akaketi na kuvuta ugoro. Baadaye walipofuata njia walimkuta ndovu amekwisha kuanguka, wala si mbali. Kijana alitaka kupiga kelele za furaha. Mzee akamzuia, akamshika ndovu sikio kwa muda kidogo, ndipo akatoa kisu.

Hayo ndiyo aliyoyakumbuka karani, mshale mkononi. Mwaka 1948 pori lile lilifanywa hifadhi ya taifa, yapata maili za mraba 8,000, na tangu hapo kuwinda ndani yake kukawa ni kosa hata kwa mtu ambaye babu zake walizikwa humo. Kisha bei ya pembe ikavuta watu wengi, na mizoga ikazidi. Katika miaka ya 1956 na 1957 msimamizi wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, pamoja na Bill Woodley na wenzao, waliongoza kikosi cha kuwasaka wawindaji. Walitumia akili. Waligundua kwamba kila mshale una alama, na kila alama ina mwenyewe. Jambo lililokuwa heshima ya mwindaji sasa likawa shahidi wa serikali.

Karani akawa na shida. Endapo mshtakiwa atakana, na hakimu akauliza ni nani aijuaye alama hii, je, atainua mkono? Alikuwa ameapa kuitumikia mahakama kwa uaminifu. Lakini sumu iliyokuwa katika mishale ile, ni nani aliyeipika? Katika kitabu chake palikuwa na nafasi ya jina la mshtakiwa, nafasi ya upinde, na nafasi ya mishale. Hapakuwa na nafasi ya mpikaji, wala ya mchuuzi aliyenunua pembe kwa bei ya nguo na kuziuza kwa bei ya motakaa. Mtu aliyeijua nyika kuliko wote alishtakiwa peke yake.

Mshtakiwa akaletwa. Alikuwa amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe. Akamwona karani, na macho yake yakapita kana kwamba hamjui. Mkalimani akamwuliza kama mishale ile ni yake. Wengine waliotangulia siku ile walikuwa wamesema wameiokota, au wamewekewa na adui. Yeye akaomba apewe mmoja, akaugeuza mkononi, akaonyesha mikato kwa ukucha. "Ni wangu," akasema. "Yote kumi na mmoja. Naona mmoja manyoya yake yameharibiwa njiani."

Akafungwa miezi kadhaa. Kesi ilichukua muda mfupi kuliko kuandika orodha. Kwa amri ya mahakama vitu vile vikachomwa nyuma ya jengo, na karani akasimama hapo kushuhudia, kwa kuwa sahihi yake ilitakiwa. Manyoya yaliungua kwanza. Upinde ulichelewa.

Mengi yamepita tangu siku hizo. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, uliokusudiwa kuwapa Waata kazi halali katika nchi yao, wawinde ndovu kwa idadi iliyowekwa, lakini haukudumu. Ukame wa miaka ya 1970 na 1971 uliua ndovu maelfu katika Tsavo bila mshale hata mmoja, na baada yake wakaja watu wa bunduki. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote. Ufundi wa ule upinde mrefu umepotea karibu kabisa, kwa maana mabega hayarithiwi bila kuzoezwa.

Mpango wa Galana ulipoanza, mzee alikuwa amekwisha toka kifungoni, naye akapata kazi ya kufuata nyayo. Karani alikwenda kumwona, akiwa na kilo mbili za sukari na maneno aliyoyatunga njiani. Alimkuta ameketi mbele ya kibanda chake. Wakaamkiana, "Shikamoo, baba mdogo," na "Marahaba, mwanangu," wakaulizana habari za nyumbani. Karani akamwambia kwamba baba yake amefariki mwaka uliopita. Mzee akanyamaza kwa muda mrefu.

Kisha akauliza juu ya mishale, kama ni kweli ilichomwa. Karani akajibu kuwa ni kweli, naye alikuwapo.

"Mliufungua utepe?"

"Hatukuufungua, baba."

"Lakini uliushika mmoja. Nilikuona mezani. Utepe ulikuwa mgumu au laini?"

Karani akafikiri, akasema kwamba ulikuwa laini, tena ulinata kidogo vidoleni hata alikwenda kunawa mara mbili.

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Baba yako alijua kupika," akasema, akaita mjukuu wake alete chai.