Mtoto anayengoja kando ya kiwanja



Katika likizo kubwa nilimtembelea yaya wangu huko Clarkston, mji mdogo karibu na Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani. Wakimbizi wa nchi nyingi wamepata makao pale, na sisi Wakongomani tuko wengi. Asubuhi kwenye kituo cha basi nilisikia Kiswahili cha kwetu kama vile niko soko la Kadutu.

Yaya alinipokea akiwa na mzigo moyoni. Kijana wake, ambaye ni mtoto wangu pia, alimaliza sekondari pale mtaani, akaingia chuo kikuu kidogo anakocheza mpira wa Kimarekani. Mpira ule si huu wetu: unashikwa kwa mikono, na wachezaji wanavaa kofia ngumu. Yeye ni kwotabaki, yaani yule anayepokea mpira kila shambulio linapoanza na kuamua ampe nani. Lakini ni kwotabaki wa pili. Wa kwanza akiwa mzima, wa pili anabaki kando.

«Ninafanya safari ya masaa matatu kumwangalia mtoto amesimama tu,» yaya aliniambia. «Wewe ni mwalimu. Umwambie aache, atafute kazi kama wenzake.»

Nilitaka kwanza kumsikiliza kijana. Jumamosi alinipeleka kwa treni kuona kiwanja kikubwa cha Atlanta, Mercedes-Benz Stadium. Kilifunguliwa mwaka 2017, kinaingiza watu karibu 71.000, na paa lake lina vipande nane vinavyofunguka kama ua. Tulisimama nje, jua kali, akaanza kunisimulia.

Tarehe 8 Januari 2018, chuo kikuu cha Alabama kilicheza fainali hapo na kile cha Georgia. Wakati wa mapumziko Alabama walikuwa nyuma 13 kwa 0. Kocha Nick Saban akamtoa kwotabaki wake, Jalen Hurts, akamwingiza wa pili, Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka visiwa vya Hawaii. Alabama wakashinda 26 kwa 23. Hurts alikuwa ameshushwa mbele ya watu wote, lakini alimshangilia mwenzake.

Msimu uliofuata Hurts ndiye akawa wa pili. Hakuhama. Tarehe 1 Desemba 2018, kiwanja kile kile, Georgia wale wale, Tagovailoa akaumia. Hurts akaingia Alabama wakiwa nyuma 28 kwa 21, wakashinda 35 kwa 28. Mwezi ule ule akapata diploma yake ya chuo kikuu.

Nikamuuliza kijana: «Na wewe, kama hawakuiti hata siku moja?»

Akacheka. «Mama mdogo, wiki nzima ninaiga kwotabaki wa timu tutakayopambana nayo, ili wenzangu wajizoeze. Siku ya mchezo ninawapa alama kwa mikono. Hiyo pia ni kazi. Na masomo yangu yamebakiza mwaka mmoja tu.»

Jioni nilimwambia yaya kwamba sitamwambia mtoto aache. Alinyamaza muda mrefu, akisonga bugali. Halafu akauliza: «Hiyo diploma, wanaitoa mwezi gani?»

«Mwezi wa tano.»

«Basi nitafute kitenge mapema.»

Mama wapendwa, kila mwisho wa kipindi ninagawa buletini darasani, na ninajua swali litakalongoja watoto nyumbani: «Umekuwa wa ngapi?» Mimi pia nimewauliza wangu hivyo. Siku hizi ninaongeza la pili: «Na umejifunza nini?» Mtoto wa kwanza analijibu haraka. Yule wa kumi na nane, ambaye zamani alificha buletini chini ya godoro, naye sasa ana kitu cha kutuambia.